Sababu Gani Niliondoa Picha ya Maji ya Ziwa



Wengi wenu mliiona ile picha kubwa iliyotundikwa karibu na mlango wa labo, ile ya maji ya Ziwa Kivu na kadudu keupe katikati yenye mikia miwili. Ilikaa pale siku tisa. Kisha asubuhi moja mkakuta fasi yake ni misumari tu. Tangu siku ile maneno ni mengi. Wengine wanasema iliibiwa na watu wa darasa la pembeni, wengine wanasema Bwana Prefe alikataza. Hapana. Niliiondoa mimi mwenyewe, kapita wenu, na hakuna aliyenilazimisha. Lakini ili mwelewe kwa nini, lazima kwanza nieleze kamera inafanya kazi gani juu ya mikroskopi, kwa sababu hilo njo jambo ambalo mimi sikulijua siku nilipoipiga ile picha.

Wale wa mwaka wa kwanza ambao hawajaingia mu labo wajue hali yetu. Mikroskopi inayofanya kazi ni moja. Haina taa, iko na kioo kidogo chini ambacho kinapokea mwanga wa dirisha na kuupeleka juu. Iko na objektifu tatu: ya 4, ya 10 na ya 40. Darasa letu la Kemia-Biolojia ni watu 54. Basi kila mtu anainama dakika moja, anafunga jicho moja, anatazama, anaondoka, na anasimulia kitu chake. Siku ile ya maji ya ziwa, mmoja alisema ameona jicho la samaki. Aliyemfuata akasema hakuna jicho, ni yai. Wa tatu hakuona kitu, aliona nyusi zake mwenyewe. Kelele ikapanda.

Mwalimu wetu wa biolojia hakusema neno. Alichukua simu yake, akaivika bomba la karatasi ngumu alilolikata mwenyewe, akaliweka juu ya okulari, akapiga. Kisha akapitisha simu mikono kwa mikono. Lile jicho la samaki lilikuwa mviringo wenye ukingo mweusi mnene na ndani mweupe mtupu: povu la hewa, chini ya lameli. Watu 54 waliona kitu kimoja, na mabishano yakaisha. Mpaka pale mimi nilidhani kamera inawekwa ku mikroskopi ili kupata picha nzuri ya kuonyesha wageni.

Zamani watu wa sayansi walibishana vilevile, na hawakuwa na bomba la karatasi. Walichora kwa mkono. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alipoona vijidudu vya malaria mu damu ya mgonjwa kule Constantine, Algeria, mwezi wa 11 mwaka 1880, aliwachora. Wenzake wengi hawakumsadiki kwa miaka. Waliona michoro na kusema ni chembe za damu zilizoharibika. Haikuwa ujinga wao peke yake: mkono unachora kile ambacho kichwa kimeshakubali. Ukiamini umeona mkia, utachora mkia. (Waulize walimu wanaosahihisha michoro yetu ya seli ya kitunguu. Nusu ya darasa inachora ile ya kitabu, haichori ile iliyo chini ya lensi.)

Picha za kamera zilikuwa zimeshaanza, lakini kwa shida. Alfred Donné na Léon Foucault walitoa mu Paris mwaka 1845 kitabu cha picha za chembe za damu na vitu vingine, zilizonakiliwa kutoka mabamba ya madini yaliyopigwa mwanga. Mwaka 1877 Robert Koch, yule Mjerumani wa kifua kikuu, alitoa picha za bakteria na akasisitiza kwamba mchoro haumtoshi mtu anayetaka kumsadikisha mwenzake.

Na sisi Wakongomani tuko na picha yetu mu historia hiyo. Mwaka 1976, watu walipokufa kwa homa isiyojulikana kule Yambuku, Daktari Jean-Jacques Muyembe na wengine walichukua damu ya wagonjwa, na sampuli zikapelekwa Ulaya, nyingine zikiwa ndani ya termosi ya kawaida, kama ile ya chai. Kutoka hapo sehemu zilifika Atlanta, Marekani. Tarehe 13 mwezi wa 10, Frederick Murphy alimpiga picha yule virusi kwa mikroskopi ya elektroni: kamba ndefu iliyojikunja kama ndoano. Hakuna mikroskopi ya mwanga ingeweza kufanya hivyo. Mwanga unashindwa kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko mikrometa 0.2 hivi, na unene wa Ebola hauifikie hata nusu ya hiyo. Picha ile ilisaidia kutambua kwamba ugonjwa ni mpya, ingawa ulifanana sura na ndugu yake Marburg. Jina Ebola lilitoka ku mto wa kwetu. Miaka 42 baadaye, mwaka 2018, ulifika Kivu ya Kaskazini, na mwezi wa 7 mwaka 2019 uliingia Goma. Sote tunakumbuka ndoo za kunawia.

Sasa tuje ku kamera yenyewe. Mwalimu alinieleza kwa fizikia, sikuelewa. Nilielewa siku ya mvua, nyumbani.

Huku Keshero maji ya bomba yanakuja yakitaka. Mvua ikinyesha kila mama anatoa ndoo, mabeseni, sufuria, vyote nje. Basi fikiria uwanja umejaa ndoo ndogo zilizopangwa mistari sawasawa, milioni kadhaa. Hiyo njo sensa ya kamera. Kila ndoo ni pikseli. Mvua ni mwanga, na matone yake yanaitwa fotoni. Ukiacha ndoo nje muda mfupi unapata maji kidogo, ukiacha muda mrefu unapata mengi: huo njo muda wa kufungua kamera. Mwisho wa mvua unapita na kikombe, unapima kila ndoo, unaandika hesabu mu kaye. Pale ambapo ndoo ilikuwa na maji mengi, picha itakuwa nyeupe. Pale palipokauka, nyeusi. Picha yote ni hesabu, haina kitu kingine ndani yake.

Ukishaelewa ndoo, matatizo yote ya kamera yanajieleza yenyewe.

Kwanza, mvua ndogo inadanganya. Ukiacha ndoo mbili nje nusu dakika wakati wa manyunyu, moja itapata matone 9 na ingine 12, na mvua ni ile ile. Ukiona tofauti usiseme kuna kitu. Watu wa hesabu wanatuambia kosa hilo ni kama mzizi wa mraba wa hesabu yenyewe: ukipata fotoni 100, zinaweza kucheza kwa 10 hivi, ndiyo asilimia 10. Ukipata 10,000, zinacheza kwa 100, asilimia 1 tu. Juu hii picha iliyopigwa mu giza iko na chengachenga. Mara nyingi kamera haikukosea. Mwanga wenyewe ulikuwa mchache.

Pili, ndoo inaweza kufurika. Ikishajaa, mvua ikiendelea saa nzima ama ikiacha, kipimo ni kile kile. Fasi iliyoungua nyeupe mu picha haina habari tena, na hakuna programu itakayoirudisha.

Tatu, kuna ndoo zinazopata maji bila mvua, sawa na umande unaojitengeneza usiku. Mu sensa, joto lenyewe linatoa elektroni kidogo kidogo, na kamera inazihesabu kama mwanga. Kwa hiyo kamera za watafiti zinapozwa. Kila ukiteremsha joto kwa nyuzi 6 ama 7 hivi, ule umande unapungua kwa nusu. Ziko kamera zinazofanya kazi chini ya sifuri nyuzi 20, ziko zinazofika chini ya sifuri 80. Baridi ya namna hiyo ku sensa ndogo kama ukucha!

Nne, yule anayepita na kikombe anamwaga. Akikimbia anamwaga zaidi. Kamera inayosoma haraka sana inaongeza kosa la kusoma, na ukitaka kuona kitu chenye mwanga hafifu unachagua kusoma polepole. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith, mu Marekani, walibuni sensa inayopitisha maji ndoo kwa ndoo mpaka ku mpimaji mmoja pembeni (mwaka 2009 walipata Nobel juu yake). Sensa za aina ya pili, ambazo zimejaa siku hizi hata mu simu, kila ndoo iko na mpimaji wake. Za watafiti za aina hiyo zilitangazwa kuanzia mwaka 2009, na zinasoma haraka bila kumwaga sana.

Tano, na hili lilinishangaza kuliko yote: rangi. Sensa haijui rangi. Ndoo haijui kama tone lilitoka mashariki ama magharibi. Ili simu ipate rangi, wanafunika kila ndoo kitambaa kimoja: nusu ya ndoo kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kila kitambaa kinakataza karibu theluthi mbili za mvua isiingie. Kwa picha ya arusi mwanga ni mwingi, hakuna hasara. Kwa seli inayong'aa kidogo sana ni hasara kubwa. Kwa sababu hiyo kamera nyingi za mikroskopi za bei kali, ambazo zinapita dola elfu nyingi, zinapiga nyeusi na nyeupe tu! Kati ya fotoni 100 zinazofika, zile nzuri zinahesabu 80 na zaidi. Rangi mnazoziona mu vitabu, kijani na nyekundu za kupendeza, mara nyingi ziliongezwa nyuma: walipiga picha moja kwa kichujio kimoja, picha ingine kwa kichujio kingine, kisha wakaipa kila moja rangi yake. Si uongo, kama wameandika walivyofanya.

Mtu atauliza: kitu gani hicho kinang'aa kidogo hivyo, na kwetu kinahusu nini? Mfano uko mbele ya milango yetu. Mu maji ya juu ya Ziwa Kivu kunaishi bakteria wadogo sana wanaotumia jua kama majani, wanaitwa Synechococcus. Ukubwa wao ni mikrometa 1 hivi. Ku mikroskopi yetu ya dirisha hawaonekani kabisa. Lakini wako na rangi ndani yao ambayo ukiipiga mwanga wa bluu ama kijani inarudisha mwanga wa rangi ya machungwa. Hawahitaji dawa ya kupakwa. Unachuja maji, unaweka kichujio chini ya mikroskopi ya pekee, unazima taa za chumba, na unaona nyota. Watafiti walitoa kazi mwaka 2008 wakionyesha kwamba mu maji ya juu ya ziwa letu wanafika karibu 100,000 mu mililita moja. Waliwahesabu kwa mikroskopi ya namna hiyo na kwa mashine ingine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa laser. Wenzetu wa ISP Bukavu nao wamefanya miaka mingi kazi ya kuhesabu viumbe wadogo wa ziwa, na hawahesabu kwa kujifurahisha. Wale wadogo na mimea mingine midogo njo chakula cha vidudu vya majini, na vidudu njo chakula cha sambaza, ambaye aliletwa mu ziwa hili kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukitaka kujua kwa nini sambaza ni wengi ama wachache, unaanzia ku nukta zinazong'aa.

Kumbukeni hizo nukta, nitarudia ku jambo hilo kwa aibu.

Tena kuna malaria. Hapa ninaomba mnivumilie, kwa sababu ni habari ya nyumbani. Mwaka jana mdogo wangu wa miaka sita alishikwa na homa. Tulimpeleka fasi moja, wakamtoboa kidole, wakaandika hana kitu. Kesho yake homa ilipanda, Mama akampeleka fasi ingine, wakaandika malaria na misalaba miwili. Papa alirudi kule kwa kwanza kuuliza kwa upole. Waliosoma lamu hawakuwa na la kujibu, na lamu yenyewe ilikuwa imeshaoshwa. Pengine vijidudu vilikuwa vichache siku ya kwanza na vikaongezeka, inawezekana kabisa. Pengine jicho lilichoka. Hatutajua kamwe, kwa sababu shahidi peke yake alikuwa jicho la mtu mmoja. Mdogo wangu alipona, na siku hizi ananisumbua sawa na zamani.

Nilipomweleza mwalimu, akanionyesha kazi yenyewe ilivyo. Ku tone nene la damu, kabla ya kuandika "hana", msomaji anapaswa kupita fasi 100 za lamu kwa objektifu ya 100 yenye mafuta. Akiona vijidudu, anavihesabu pamoja na chembe nyeupe mpaka chembe nyeupe zifike 200. Kwa desturi wanakadiria mtu yuko na chembe nyeupe 8,000 mu mikrolita moja. Basi ukihesabu vijidudu 40 kwa chembe 200, ni 40 mara 8,000 gawa kwa 200, ndiyo 1,600. Fanyeni hesabu wenyewe. Sasa mfikirie mtu wa labo mwenye lamu 60 mezani siku ya mvua, mu nchi ambayo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Mimi dakika kumi tu ku okulari kichwa kinaniuma. Sitamlaumu mtu.

Kamera inabadilisha nini pale? Inaacha lamu isemwe mara ya pili. Mtu wa labo akipiga picha za fasi zile, mkubwa wake anaweza kuzitazama jioni, na mwingine aliye mbali anaweza kuhesabu upya. Tena mashine inaweza kufundishwa kuhesabu. Kule Kampala, watu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa mwaka 2016 kazi ya namna hiyo: simu ya kawaida juu ya okulari, imeshikwa na kifaa kilichotengenezwa kwa mashine ya kuchapa plastiki, na programu inayotafuta vijidudu vya malaria mu damu, bakteria wa kifua kikuu mu makohozi, na mayai ya minyoo mu choo. Mnaona, ni ndugu ya lile bomba la karatasi la mwalimu wetu. Wao waliendelea mbele, njo tofauti.

Na kuna moja iliyofika mbali zaidi, mu Kameruni. Mnajua dawa ya ivermektini, ile inayogawiwa kwa watu juu ya upofu wa mto. Ni dawa nzuri, lakini mtu akiwa na minyoo wengi sana wa Loa mu damu, dawa inaweza kumwangusha vibaya, hata kumuua. Minyoo hao wako pia mu misitu ya nchi yetu. Kwa hiyo vijiji vingine viliogopa dawa, na upofu ukabaki. Timu ya Daniel Fletcher wa Chuo Kikuu cha California ilitengeneza kisanduku chenye simu: unatia tone la damu ya kidole, simu inapiga filamu ya sekunde chache, na programu haitafute sura ya mnyoo. Inatafuta mtikisiko wa chembe za damu pale mnyoo anapopita kati yao, sawa na wewe unavyojua panya yuko mu majani bila kumuona. Mwaka 2015 kule Okola walipima watu 16,259. Watu 340 walikuwa na minyoo zaidi ya 20,000 mu mililita, hawakupewa dawa. Wengine 15,522 waliipata, na hakuna aliyepata madhara makubwa. Mwaka 2017 matokeo yalichapwa. Picha zile hazikuwa nzuri hata kidogo, ninavyofikiri. Kijivu kinachotikisika tu.

Haya. Sasa picha yangu.

Niliipiga kwa simu ya kaka yangu, kwa objektifu ya 10. Kile kidudu katikati ni kopepodi, anafanana na kamba mdogo, na ile mikia miwili kumbe ni mifuko ya mayai: ni mama. Picha ilitoka kijivu, na pembeni mulikuwa na nukta nukta nyingi. Nikaona ni uchafu. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Basi nikaingia mu programu ya simu, nikaongeza weusi wa nyuma, nikaongeza weupe wa kidudu mpaka akang'aa kama malaika, na kwa kidole nikafuta nukta moja moja, saa nzima. Kisha nikahifadhi juu ya ile ya kwanza. Ikachapwa kubwa. Wazazi walisifu, Bwana Prefe alisifu, na mimi nikatembea kifua mbele.

Siku ya saba, mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alisimama mbele yake muda mrefu, akaniuliza: "Yaya kapita, kale kadudu kako na ukubwa gani?" Nikamjibu ni kadogo. Akasema: "Kadogo sawa nini? Sawa unga ama sawa nywele?" Sikujua. Sikuwa nimeandika objektifu, sikuwa nimepima kitu. Picha ya mita moja kasoro, na haikuweza kumjibu mtoto.

Nilikwenda kwa mwalimu ili anisaidie kupata jibu. Akasema: "Leta ile ya kwanza, tupime."

"Haiko, Mwalimu."

"Namna gani haiko?"

Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na zile nukta, ulijuaka aje kama ni uchafu?"

Sikuwa najua. Tulichota maji tena pale pale, tukaweka tone, tukatumia objektifu ya 40. Nukta nyingi zilikuwa kijani. Zingine zilikuwa na umbo la sindano, za kioo, diatomu. Zilikuwa mimea ya ziwa. Yule mama kopepodi nilikuwa nimemwacha mu giza safi bila chakula, na wazazi wote walipita wakitazama ziwa ambalo haliko.

Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu kwamba mu magazeti ya sayansi mtu akifanya hivyo kazi yake inaondolewa, na kwamba kuongeza mwanga wa picha nzima sawasawa kunakubaliwa kama umeandika, lakini kugusa fasi moja na kuacha ingine hakukubaliwi. Simu ilikuwa imeshanisaidia kudanganya hata kabla ya kidole changu, kwa sababu yenyewe inalainisha na kukaza mistari bila kuulizwa. Kamera ya utafiti inakupa hesabu za ndoo kama zilivyo, mbaya ama nzuri. Jioni ile nilitoa misumari minne, na mbili zimebaki ukutani kwa sababu zilikataa.

Tumeanza upya, na ninawaandikia namna ili darasa lolote liweze kufanya. Kwanza tulipima. Tuliweka rula ya plastiki chini ya objektifu ya 4, tukahesabu milimita kutoka ukingo mmoja wa duara mpaka mwingine: 4 na nusu. Objektifu ya 10 inakuza mara mbili na nusu zaidi, basi duara lake ni milimita 1.8. Ya 40 inakuza mara kumi zaidi, ni milimita 0.45, ndiyo mikrometa 450. Ukijua upana wa duara unajua ukubwa wa kila kilicho ndani. Yule mtoto apate jibu lake: kopepodi tuliyempima wa pili, bila mikia, alikuwa karibu nusu ya duara la objektifu ya 10, milimita 0.9. Ni chini kidogo ya milimita moja ya rula.

Kisha tulifunga ule uwezo wa simu wa kujirekebisha, kadiri simu ilivyokubali. Tulipiga kila fasi mara tatu, muda mfupi, wa kati, mrefu, ili tuchague ile ambayo ndoo hazikufurika. Tulipiga pia lamu tupu yenye maji safi. Ile ilituonyesha doa lililokaa mahali pale pale mu kila picha. Doa lile lilikuwa ku lensi, na hilo kweli ni uchafu. Tumeliandika, hatukulifuta. Picha za kwanza zote ziko ku komputa ya Sekretari, hakuna anayeruhusiwa kuandika juu yake, hata mimi.

Picha mpya itatundikwa Jumatatu. Ni ya kijivu, nawaambia mapema, na chini yake kuna mstari wa mikrometa 200, tarehe, saa, fasi maji yalipochotwa na objektifu. Nukta zote ziko ndani. Wa mwaka wa tatu wanaotaka kuzihesabu waje Jumatano baada ya masomo, wagawane picha ile ile watu wawili wawili bila kuambiana, kisha tulinganishe hesabu. Mwenye simu yenye kamera nzima aje nayo ikiwa na moto, juu umeme wa labo haueleweki. Lamu zimebaki sita.

Kapita wa shule, mwaka wa mwisho, Kemia-Biolojia